Karani Aliyetoka Nyumbani Kwenda Nyumbani

Sikuwahi kumuita kwa jina, na sidhani kama pale mtaa wa Sakina kuna mtu aliyewahi. Alikuwa Karani tu. Alistaafu ukarani serikalini miaka mingi kabla mimi sijahamia kwenye chumba na sebule cha uani kwake, lakini ukarani wenyewe ulikuwa bado haujapewa taarifa. Aliposema "ofisini" alimaanisha stoo. Stoo hiyo ilipakana ukuta kwa ukuta na chumba chake cha kulala, kiasi kwamba akigonga msumari ofisini, picha ya harusi inaanguka chumbani. Humo ndimo alimotafsiri na kuhariri maandishi ya watu: vipeperushi vya kampuni za watalii, miongozo ya semina, taarifa za miradi ya nyuki na majiko banifu, wosia, barua za ubalozini. Sisi vijana tunaita frilansi. Yeye aliita kazi, na ukimtajia habari ya kufanyia kazi nyumbani alinuna.

"Nyumbani nakula na kulala, Binti," alikuwa ananiambia. "Kazi nafanyia kazini."

Na kweli alikuwa anakwenda kazini. Hapa ndipo watu huwa wananiona muongo, lakini majirani wote mashahidi. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Karani alitoka mlango wa mbele amevaa koti la suti na tai, mkoba wa ngozi mkononi.

"Mama, natoka."

"Haya, kazi njema," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua.

Akafungua geti, akashuka na njia ya vumbi mpaka kwa mafundi magari karibu na barabara ya Nairobi, akawasalimia mmoja mmoja, akakata kushoto nyuma ya wafyatua tofali, akatokea kwenye kigeti cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe, akaingia stoo. Dakika kumi na mbili. Kwa njia ya uani ni hatua tisa, nimezihesabu. Mbwa wake mwenyewe alimbwekea kila asubuhi pale kigetini, kwa hasira ya kweli, kwa sababu alimfahamu Karani wa mbele tu na huyu wa nyuma hakutambulishwa kwake.

Masika ndiyo ilikuwa sinema. Alivaa mabuti ya mvua, akashika mwavuli, akatoka vile vile, akatokea kigeti cha nyuma amelowa mpaka soksi. Mkewe alikuwa amesimama kibarazani, mkavu kabisa, kikombe cha chai mkononi.

"Pole na mvua," alisema. "Huko kwenu imenyesha sana?"

"Foleni ndiyo mbaya zaidi," Karani alijibu, akafunga mlango wa stoo.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa. Aliniangalia kwa huruma. Alisema mtu akitoka kitandani akaenda mezani moja kwa moja, usingizi unamfuata kwa sababu hata hajaupotezea njia. Mtu lazima atoke ili afike. Niliona ni upuuzi mtupu. Basi nikarudi kwangu, nikapanda kitandani na kompyuta yangu, nikalala mpaka saa sita.

Ofisini alikuwa bosi na mtumishi, na wawili hao hawakupatana hata kidogo. Kulikuwa na faili la mtumishi, jalada la kaki, na ndani yake mlikuwa na mtu mmoja tu. Siku moja alikutana na mchungaji njiani, wakasimama kuongea habari za kahawa, akafika stoo saa mbili na robo. Akajiandikia barua. Niliiona kwa macho yangu: "YAH: KUCHELEWA KAZINI BILA TAARIFA." Alijipa siku saba za kujieleza. Akajieleza. Maelezo hayakumridhisha, akajipa onyo, akasaini mara mbili, upande wa mtoaji na upande wa mpokeaji, na wiki nzima alitembea amekunja uso kama mtu aliyeonewa na wakubwa.

Likizo ndiyo usiseme. Walikuwa na shamba la kahawa na migomba juu kule mlimani, na kahawa ikiiva haisubiri mtu. Mwaka mmoja aliomba siku tano akavune. Aliishughulikia barua yake siku mbili, kisha akajiidhinishia siku tatu tu, "kutokana na uhaba wa watumishi."

"Uhaba gani?" mkewe aliuliza. "Si uko peke yako?"

"Ndiyo maana," alisema Karani.

Mama wa watu alitangulia shambani peke yake na kapu lake, anaongea Kimeru kwa sauti njia nzima. Sikielewi Kimeru sana ila siku ile nilikielewa chote.

Kumuona wakati wa kazi kulihitaji miadi. Hili halikuwa na msamaha kwa mtu yeyote. Mkewe alibisha hodi siku ya kwanza kumwita chakula, akaulizwa kupitia mlangoni: "Una miadi?"

"Nina mtori," alisema, "na unapoa."

Kisha mlango ukafunguliwa, Karani akatoka na mkoba wake, akazunguka njia yote, kwa wafyatua tofali, kwa mafundi, geti la mbele, ili afike mezani. "Kazini hamjambo?" mkewe akamuuliza. "Tunasukuma," akasema, akanawa.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Mlangoni alikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa YUPO KIKAONI. Kikao hicho kilikuwa saa nane mchana, kila siku, na kilikuwa kinakoroma. Simu aliipiga marufuku ofisini, lakini ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba na masikio yake mazima, basi sisi wanawake tukikaa uani kumenya ndizi tukisimulia mambo ya watu, ghafla sauti inatoka stoo: "Siyo Jumanne! Walirudiana Jumatano!" Halafu taipu inaendelea. Katika kabati la mafaili kulikuwa na jalada moja nene kuliko yote, limeandikwa MENGINEYO. Lilikuwa na maandazi.

Sasa nije kwangu, maana bila aibu yangu hamtaelewa ukubwa wa yule mzee.

Mimi kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanarekodi watu wakiongea, wananitumia sauti, nasikiliza na kuandika neno kwa neno, kisha natafsiri. Nilipoacha ajira mjini nifanye hiyo kazi mwenyewe, mama yangu kule Tengeru alilia kama amefiwa. Kwake yeye kazi ni kitu unachoamkia na kuvalia sketi. Mwishowe akanipa sharti, mbele ya shangazi ili pawe na shahidi.

"Mpaka Krismasi," alisema. "Ikifika Krismasi bado uko kitandani na hiyo kompyuta, unarudi hapa kumsaidia shangazi yako dukani."

Duka la shangazi ni la pembejeo. Dawa za nyanya, chanjo za kuku. Sina ubaya na kuku, jamani, lakini nilijiona miaka ishirini mbele nikiwaeleza watu ugonjwa wa kideri ni nini, na moyo wangu ukagoma kabisa. Niliitaka kazi yangu. Niliipenda, hadi leo naipenda, kukaa na sauti za watu nisiowajua mpaka nikajua nani anacheka kabla hajacheka.

Adui yangu hakuwa uvivu peke yake. Adui alikuwa sentensi moja: "Si upo tu nyumbani?" Ukionekana mchana umevaa kanga, mtaa mzima unajua huna kazi, na mtu asiye na kazi ni mali ya wote. Nilipokea mitungi ya gesi ya watu. Niliangalia maharage ya watu yaliyoanikwa, nikafukuza kuku wa watu wasiyale. Nilitunza funguo za nyumba nne. Kila kamati ya harusi iliniweka katibu, kila msiba ulinituma kutafuta masufuria, na fundi bomba wa nyumba ya tatu alikuwa anapiga namba yangu kuliko ya mwenye nyumba. Ikifika jioni sijaandika hata dakika tano za mahojiano. Septemba nilichelewesha kazi ya mtafiti mmoja wiki mbili, akaacha kunitumia kazi. Oktoba nikachelewesha ya mwingine. Akaniandikia kwa adabu sana kwamba nikikosea tena hatanitumia kitu. Niliisoma ile barua nimeshika funguo za jirani.

Nikatoka uani nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikalia. Saa nne asubuhi, saa za kazi. Mlango wa stoo ukafunguka.

"Unalia wakati gani huu?" Karani akauliza.

"Shikamoo," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Una viatu?"

"Ninavyo."

"Kavivae. Vya kutokea."

Nilimweleza yote: Krismasi, kuku, maharage, yule mtafiti. Hakunipa pole. Alisema ugonjwa wangu mdogo, ni kwamba sijawahi kuondoka. "Watu hawawezi kuheshimu kazi ambayo hawajakuona ukiiendea," alisema. "Kesho saa moja na arobaini. Mkoba. Na ukifika kwa mafundi usisimame kucheka nao, unatembea kama umechelewa."

Niliona haya kweli. Lakini kesho yake nilitoka geti la mbele, sketi, viatu, mkoba wenye kompyuta na ndizi mbili, nikatembea hatua kumi nyuma ya Karani kwa sababu alisema watumishi hawaongozani kama wanandoa. Tukazunguka. Mbwa akatubwekea wote wawili. Stooni alikuwa amenisafishia kona nyuma ya kabati la mafaili, meza ya shule na kiti, na karatasi imebandikwa ukutani: IDARA YA KUNUKUU.

Mnajua nini kilitokea? Hakuna aliyekuja. Jirani alisimama mlangoni kwangu na mtungi wake wa gesi, akabisha, akabisha, akamuuliza mama mwenye nyumba niko wapi. "Ameenda kazini," mama akajibu, na hakusema uongo. Siku ya tatu watu wakaja kuchukua funguo zao wenyewe, kwa heshima, wakinipongeza. Jumamosi kwenye sala ya jumuiya, kiongozi akasimama akamshukuru Mungu kwamba binti yetu wa uani sasa amepata kazi. Nikafungua mdomo nieleze kwamba ni kazi ile ile, kompyuta ile ile, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Karani akanikanyaga mguu. "Amina," nikasema.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha. Alinisainisha daftari la mahudhurio. Alinikataza kula mezani huku namsikia akitafuna faili la MENGINEYO. Kila Ijumaa saa tisa tulikuwa na mkutano wa watumishi, agenda nne, na yeye ndiye aliyeandika mihtasari na kuipinga. Lakini nilimaliza kazi. Saa mbili mpaka saa tisa na nusu, vipokea sauti masikioni, mtu haniiti, na ikifika saa tisa na nusu ananifukuza: "Nenda nyumbani, una familia." Familia sina. Nilikwenda hivyo hivyo, nikizunguka, na nikifika nyumbani nilikuwa nimefika kweli, nikapika na kupumzika bila dhambi.

Wiki mbili kabla ya Krismasi mama yangu alikuja bila taarifa. Zile habari za jumuiya zilikuwa zimefika Tengeru kwamba nimepata ofisi, na mama yangu si mtu wa kuamini anachosikia. Alikuja kukamata. Karani ndiye aliyemuona kwanza dirishani, mafundi wamemwelekeza, anakata kona pale kwa wafyatua tofali na kikapu kichwani.

"Yule siyo mama yako?"

Nikainuka. Akanikandamiza begani kwa rula. "Kaa hapo. Andika. Usigeuke."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Nikamsikia.

"Karibu, mama. Una miadi?"

"Miadi gani? Namtaka mwanangu."

"Ni sawa kabisa. Jaza kitabu cha wageni. Hapo kwenye dhumuni la safari andika binafsi. Kisha kaa kwenye benchi, ana kazi kidogo."

Mama yangu, ambaye mchungaji mwenyewe hathubutu kumwambia asubiri, akakaa. Nilikuwa mita mbili nyuma ya mlango. Nilimsikia akihema. Dakika tano. Kumi. Nikanyanyuka tena, Karani, aliyekwisharudi ndani, akanitolea macho. "Bado," akanong'ona. "Hajachoka vya kutosha." Akatoka na faili, akarudi na faili lile lile. Akatoka na jingine. Dakika ya kumi na tano mama akamuuliza, tena kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Samahani, baba. Kwani ni mkubwa humu?"

"Idara yote iko chini yake," akasema Karani. Na ndivyo ilivyokuwa. Idara ilikuwa mimi.

Dakika ya ishirini akaruhusiwa. Mama yangu aliingia akitembea kwa vidole, kanga ameinyoosha vizuri, kikapu amekiacha nje. Alinitazama mimi, meza, ile karatasi ya ukutani. Nilijua anachotafuta, alitafuta kitanda. Hakukiona.

"Sikai," alisema. "Nimekuja kukuona tu. Najua una kazi."

Na akaondoka! Nilimsikia uani akimwambia mama mwenye nyumba: "Mimi nilidhani anacheza. Kumbe hata mimi niliyemzaa nakalishwa kwenye benchi! Hiyo ni ofisi, dada." Krismasi ile kuku wa Tengeru walichanjwa na mtu mwingine. Nilicheka siku nzima na katikati ya kucheka nililia, kwa sababu miezi yote nilijaribu kumwelewesha mama kwa maneno ikashindikana, na yule mzee alimwelewesha kwa kumkalisha tu.

Nilikaa pale miaka mitatu mingine. Baadaye kazi ikaongezeka, nikahamia Njiro, nyumba yenye chumba cha ziada, nikachukua wasichana wawili wa kunukuu pamoja nami. Karani nilimpigia simu sikukuu kwa sikukuu. Kila mara alisema kazi nyingi, hana nafasi, salamu kwa mama.

Mwezi uliopita, asubuhi saa tatu, akagonga geti. Koti lile lile, tai ile ile. Alikuwa amepungua, shingo imeacha nafasi ndani ya kola. Nikamwamkia, nikamkaribisha chai, akakataa, akasema amekuja kikazi. Akafungua mkoba akanipa bahasha.

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA UHARIRI."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake. Yeye hakucheka.

"Tangu Mei ya mwaka jana sijapata hata ukurasa mmoja," alisema. "Wateja wangu siku hizi wanabonyeza, kompyuta inawatafsiria wenyewe. Siwalaumu."

"Mwaka mzima, Karani? Mbona watu wa Sakina wananiambia kila siku wanakuona unaenda ofisini?"

"Nahudhuria."

"Unafanya nini huko?"

Alinyoosha tai. "Napanga mafaili. Nimeyapanga kwa alfabeti, kisha kwa miaka, kisha nikayarudisha kwa alfabeti. Mama anajua ni msimu wa kazi nyingi. Ananiwekea nyama."

Kazi ya kuhariri ninayo, imejaa, wasichana wangu wanaandika haraka na kukosea haraka. Nikamwambia, Karani, kazi ipo, ni yako, kwa nini hukuniambia zamani. Akainua kiganja.

"Hapana. Hivyo siyo. Utaniajiri kwa huruma halafu nitajuaje kama nafaa? Nisaili."

"Nikusaili mimi? Wewe?"

"Nisaili, Binti. Na usinionee haya."

Basi nikavuta kiti, nikachukua kalamu na karatasi. Wasichana wangu kule ndani wakaacha kuandika, nikawasikia wametega masikio. Nikamuuliza uzoefu, akanieleza kwa dakika ishirini. Nikamuuliza wadhamini, akasema ni mke wake, ila hana habari. Nikamuuliza kwa nini anaitaka kazi hii, akasema kwa sababu anaiweza, na asubuhi ni ndefu. Likabaki lile swali la mwisho wanalouliza watu wote, na nililiuliza kwa sababu tu sikuwa na jingine.

"Udhaifu wako ni upi?"

Hili hakulitegemea. Aliuweka mkoba sakafuni, akafikiri sana, akiwa makini kama mtu anayeapa mahakamani.

"Sijui kukaa nyumbani," alisema.

Niliiandika, neno kwa neno, kama ninavyoandika maneno ya watu wote. Kisha nikamwambia aanze Jumatatu.